Seti ya tamthilia, kituo cha TV au kamera ya harusi: nianzie wapi?

Kijana_wa_RangiTatu
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 23, nimemaliza diploma ya utayarishaji wa video mwaka jana, nakaa Mbagala kwa dada. Nimebisha hodi mpaka soli imeisha, sasa milango mitatu imefunguka mwezi mmoja:

1. Kujitolea kituo cha TV miezi sita. Nauli tu.
2. Tamthilia inapigwa Kigamboni, wanataka msaidizi wa kutumwatumwa: kubeba stendi, kuita waigizaji, kuleta chai. Sh 15,000 kwa siku.
3. Mjomba anapiga video za harusi. Sh 50,000 kwa shughuli, ila ni wikiendi tu.

Lengo langu ni kushika kamera za filamu. Nishaurini kabla dada hajanishauri yeye.

Mzee_wa_Boom
Nenda Kigamboni, mdogo wangu. Mimi ni mtu wa saundi, nilianza kwa kukunja waya na sijutii. Waya haukunjwi kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Unakunja duara moja juu, linalofuata unaligeuza chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, ukiurusha unanyooka bila fundo. Ukijua hilo siku ya kwanza, gafa, yaani mkuu wa taa, anakuuliza jina lako. Usipojua unaitwa "wewe dogo" mpaka tamthilia iishe.

Na seti inakufundisha kusikia. Tunapiga sebuleni, tunazima friji na feni, bado bodaboda zinapita, jirani anaosha vyombo. Sini ikiisha naomba kila mtu anyamaze sekunde 30 nirekodi ukimya wa chumba, maana mhariri ataziba nao mapengo. Msaidizi anayejua kusimama tuli sekunde 30 bila kuchezea funguo mfukoni ni adimu kuliko unavyodhani.

Galari_Namba2
Napingana na mkuu hapo juu. Kituo kina kitu ambacho seti haina: kila siku kuna kazi. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku haisubiri mvua ikatike wala mfadhili atoe hela. Ndani ya miezi sita utakuwa umeshika kamera ya studio, umekaa kwenye grafiki, umeona matangazo mubashara yanavyoongozwa. Mwongozaji akisema "kamera mbili, jiandae", una sekunde tatu za kufokasi.

Halafu ukiajiriwa unaingia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Deiwaka, kibarua wa siku, wa seti akiumwa anachangiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kijana_wa_RangiTatu
Mkuu Galari, na wanaojitolea huwa wanaajiriwa kweli?

Galari_Namba2
Wachache. Sikudanganyi. Kundi letu tulikuwa saba, tukabaki wawili. Uliza kabla ya kuanza: baada ya miezi sita nini kinafuata, na nani anasaini. Wakijibu "tutaona", ujue umeshaona.

Mama_Klapa
Mwanangu, wanakulinganishia mahali, mimi nakulinganishia makosa. Kila mahali utakosea, cha kuangalia ni nani yupo karibu siku hiyo.

Mwaka wangu wa pili nilipewa kuhamisha picha kutoka kwenye kadi za kamera. Tuko Sinza, saa 6 usiku, kadi mbili juu ya meza, zinafanana kama mapacha. Nikafuta ile ambayo haijahamishwa. Nusu siku ya kazi ikapotea, na mwigizaji alishapanda basi la Mwanza. Mpiga picha mkuu hakunifokea. Alichukua tepu nyekundu akabandika kwenye kadi iliyojaa, ya kijani kwenye iliyo wazi, akasema kuanzia leo nyekundu haifutwi mpaka nakala zifike tatu, moja ikalale nyumba nyingine. Ningekuwa na bosi mwingine leo nauza vitenge Kariakoo.

Kwa hiyo ulizia watu wa hiyo seti. Mpiga picha ni nani, ana wasaidizi wangapi, huwa wanarudi kazini kwake au wanamkimbia? Ukipata jibu zuri, hata 15,000 inavumilika.

Video_Shughuli_DSM
Mnadharau harusi, haya. Bibi harusi hakati keki mara ya pili kwa sababu betri yako imekufa. Ukumbini taa za rangi zote, MC anapita mbele ya lenzi, mashangazi wanasimama na ndoo za zawadi, na wewe picha lazima iwepo. Huko seti watasema "turudie" mara nane.

Ila nakiri mapungufu. Ramadhani na Kwaresma mfuko unakauka, na hakuna anayekufundisha kontinuiti, yaani nguo na vitu vilingane picha hadi picha, wala kuwasha taa za sini. Hela ipo, ngazi haipo. Mimi nipo mwaka wa tisa, bado napiga keki.

Deiwaka_Mchungu
Naomba niongee mimi ambaye nimedhulumiwa. Tamthilia fulani ilinikalia na siku 11 za malipo. Hatukuandikiana kitu, sikuwa na pa kushika. Sasa hivi siendi seti bila ujumbe ulioandikwa: siku ngapi, shilingi ngapi, zinalipwa lini, saa ngapi tunafunga, nauli ya usiku ya nani. Hata WhatsApp inatosha kuanzia. Pata na TIN, namba ya mlipakodi, kampuni zilizonyooka zitakukata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, usishangae ukadhani umeibiwa.

Na siku ya kwanza uliza nakala ya kibali cha Bodi ya Filamu ipo kwa nani. Sheria ya 1976 inadai kibali kabla ya kupiga, na mjumbe wa mtaa akija kuuliza, dogo wa kutumwa ndiye anayekutana naye getini.

Mzee_wa_Boom
@Deiwaka pole kaka. Hilo la kuandikishana naliunga mkono mia kwa mia.

Kijana_wa_RangiTatu
Nashukuru sana wakubwa zangu. Nimempigia mtu wa Kigamboni, nikauliza maswali ya Mama Klapa. Mpiga picha ana wasaidizi wawili, mmoja yuko naye mwaka wa nne. Malipo kila Jumamosi, ameniandikia. Mjomba amekubali nimsaidie wikiendi ambazo seti imefungwa. Kituo nimewaomba nafasi ya awamu ijayo. Naripoti Jumatatu saa 11 alfajiri. Shida ni kivuko, foleni yake naijua.

Mama_Klapa
Kivuko cha nini na wewe upo Mbagala? Pita Kongowe, utokee Mjimwema. Ukiambiwa saa 11, wewe fika 10 na nusu. Beba glavu, taa zinachoma.