MJADALA: Gemu za zamani zikirudishwa kama za kupakua, tunauziwa au tunakodishiwa?

#1 Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka mezani tulichambue. Hizi gemu za enzi za kaseti na CD, makampuni yanazirudisha kama za kupakua kwenye konsoli za kisasa, unalipa, inashuka dakika moja hata chai haijapoa, unacheza. Watu wanashangilia na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Swali langu ni hivi, tunacholipia ni nini hasa? Na zile gemu ambazo kampuni imezikalia tu, haiuzi na haitaki mtu azisogelee, nani aruhusiwe kuzitunza?

Naanza na yangu. Kuna konsoli moja sitaitaja jina, nilinunua humo gemu za zamani kama kumi na mbili hivi. Kumbe manunuzi yamefungwa kwenye mashine yenyewe na sio kwenye akaunti, mashine siku ilipokata moto gemu zikaenda nayo kaburini. Nikahamia mashine iliyofuata nikazikuta zile zile zinauzwa upya, nikanunua mbili kwa uchungu. Ya baada ya hapo hata kuuza hawauzi, unalipia mwaka, ukiacha kulipa mlango unafungwa. Yaani gemu moja nimeilipia mara tatu, na kaseti yake orijino ninayo kabatini mpaka leo.

Alafu angalieni historia. Nintendo walifungua Virtual Console, yaani huduma ya kuuza gemu za zamani, pamoja na konsoli ya Wii mwaka 2006, unachagua gemu moja moja, ya konsoli yao ya zamani ya NES pointi 500 za duka, ya SNES 800, umenunua ni yako. Duka likafungwa 30 Januari 2019. La konsoli zao za 3DS na Wii U nalo likaacha kuuza 27 Machi 2023. Mfano unaoniuma ni Pokémon Gold na Silver. Kaseti zake zina betri ndogo ya kidonge ndani, ndo inayoshikilia sevu na ile saa ya ndani ya gemu, na kwa kuwa saa haisimami betri inaliwa usiku na mchana hata ukiwa umeitupa droo. Nyingi zimeshakufa, unacheza vizuri, unasevu, unazima, kesho unaikuta imeanza mwanzo. Mwaka 2017 wakazitoa za kupakua kwenye 3DS tukasema afadhali, sevu haifi tena. Miaka mitano na miezi kadhaa baadaye, duka chali. Betri iliishi kuliko duka, wakuu!

Msimamo wangu ili msiseme najificha: waziuze moja moja, zifuate akaunti na sio mashine, na ile ambayo hawataki kuiuza waache maktaba ziitunze na kuiazimisha. Karibuni.

#2 DadaPikseli

Mimi nakupinga kaka, sio kwa yote ila kwa sehemu kubwa. Watu wanaongea kana kwamba kurudisha gemu ni kukopi faili na kupesti. Super Mario Bros ya 1985 ni kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja ya simu yako, kwa hiyo kazi ya kuipakia sio tatizo, tatizo ni karatasi. GoldenEye 007, gemu ya filamu ya James Bond, ilitoka 1997, imerudi Januari 2023. Miaka 25 na ushee! Sababu ni wenye haki, kuna mwenye filamu, kuna mwenye konsoli ya zamani, kuna aliyenunua studio iliyoitengeneza, wote lazima wakubali, mmoja akinuna hakuna kitu.

Na hata wakikubaliana utakuta imerudi imenyolewa. Crazy Taxi iliporudi 2010 kwenye konsoli za Xbox 360 na PS3 nyimbo za bendi za The Offspring na Bad Religion hazimo, na yale maduka ya pizza na kuku uliyokuwa unapeleka abiria yamebadilishwa majina. Mimi niliizoea ile ya mwanzo, unabonyeza kuanza, wimbo unakuingia, mkono wenyewe unajua pa kukata kona. Ile mpya nilicheza nikahisi kama nimeingia nyumba niliyokulia nikakuta wapangaji wengine.

Ila bado nasema afadhali ipo. Kampuni inayohangaika na hayo yote ina haki ya kuchagua iuze au ikodishe.

#3 Chogo21

Mnaongelea pesa tu, mimi naongelea macho na vidole. Hizi gemu zilichorwa kwa ajili ya tivii za chogo. Chukua Sonic ya Mega Drive, konsoli ya zamani ya Sega, yale maporomoko ya maji. Mashine haikuwa na uwezo mzuri wa kuonyesha kitu kinachopitisha mwanga, wachoraji wakachora mistari ya kusimama, mmoja upo mmoja haupo, ukitumia ule waya wa zamani rangi zinavuja na kuchanganyika, unaona maji kabisa na Sonic nyuma yake. Ichomeke leo kwenye flati, kila nukta imekaa peke yake kama tofali, maji yamegeuka pazia la mistari. Mtoto wa sasa anaangalia anasema "hii ndo mlikuwa mnaisifia?" na huwezi kumlaumu.

Afu kuna kuchelewa. Unabonyeza kuruka, tivii inachakata picha, emuleta, ile programu inayoigiza mashine ya zamani, nayo inachukua muda wake, ukijumlisha unachelewa fremu (picha) kadhaa, kwa gemu ya siku hizi huwezi kugundua ila kwa gemu ya kuruka mashimo unakufa sehemu ambayo haujawahi kufa maisha yako yote. Nilidhani nimezeeka. Nikaiweka tivii kwenye ile modi ya gemu, nikavuka mara ya kwanza.

Na usiniambie habari za bastola ya gemu, ile ilikuwa inategemea namna mwale wa tivii ya chogo unavyochora picha, kwenye flati haisomi kitu, ni mwanasesere tu.

Mimi hoja yangu, kabla ya kuuliza tunauziwa au tunakodishiwa tuulize kwanza, ni gemu yenyewe hiyo?

#4 kaseti_vumbi

Mnalia kama mmeshikiwa panga, si usinunue tu.

#5 Mleta mada

@kaseti_vumbi sawa mkuu, nisiponunua, nicheze wapi kihalali? Hilo ndo swali lenyewe, haujalijibu umelikanyaga tu ukapita.

@Chogo21 umepiga mule mule. Hata kampuni kubwa inateleza, Oktoba 2021 Nintendo walipoweka gemu za konsoli yao ya zamani ya N64 kwenye ile huduma yao ya kulipia kila mwaka, Ocarina of Time ilikuja bila ukungu kwenye kile chumba cha kupigana na kivuli chako. Kile chumba raha yake yote ni ukungu, hujui mwisho uko wapi, wenyewe wakaleta chumba kina kuta zinaonekana kama stoo! Walikuja kurekebisha kwa apdeti, nawapa hilo.

@DadaPikseli leseni nakubali dada, lakini mbona Xbox waliweza? Kuanzia 2015 unaweka diski yako ya zamani ya 360, mashine inaitambua, inapakua gemu, hulipi hata senti. Hawakurudisha zote, na Novemba 2021 walitoa kundi la mwisho wakasema leseni na ufundi vimewabana, sawa, lakini zile walizorudisha hawakumtoza mtu mara mbili. Kwa hiyo kutoza mara tatu sio sheria ya asili, ni uamuzi wa mtu kwenye kikao.

#6 fundi_kodi

Nadhani mnachanganya vitu viwili na ndo maana hamwelewani. Kuna kurudisha kwa emuleta, hapo unachukua gemu ile ile kama ilivyokuwa kwenye kaseti, programu inaigiza ile mashine ya zamani, sosi kodi, yaani yale maandishi ya programu waliyoandika watengenezaji, huhitaji. Na kuna kuijenga upya iendeshwe na mashine mpya moja kwa moja, hapo bila sosi kodi umekwisha.

Sasa hao wababe wa hakimiliki wenyewe hawakutunza! Kingdom Hearts ya kwanza, walipotaka kuitoa upya 2013 faili zake asili hazikuwepo, wakakaa kuchimba toleo la dukani na kutengeneza vingine upya. Silent Hill HD ya 2012, timu ilipewa kodi ambayo haijakamilika, wakajikuta wanarekebisha hitilafu ambazo zilisharekebishwa miaka kumi nyuma. Ukiona gemu imerudi ikiwa mbovu kuliko ya zamani usifikiri ni uvivu tu, saa nyingine mtu anashona nguo huku hana kitambaa.

Wanaofanya vizuri wapo. Kampuni ya Hamster na mfululizo wao wa Arcade Archives, tangu 2014 wanatoa gemu za mashine za sarafu moja moja, bila mbwembwe, unanunua. Digital Eclipse walitoa Atari 50 mwaka 2022, mle kuna gemu, kuna michoro, kuna mahojiano na waliozitengeneza, unatembea humo kama makumbusho. Mimi hiyo nililipa huku natabasamu.

Ninachokataa ni kuleta mpya alafu kuficha ya zamani. GTA ile trilojia (gemu tatu za zamani zilizotolewa upya) ya Novemba 2021 ilitoka na madudu kila mtu aliyaona, mvua kama nyuzi nyeupe, sura za watu zimevimba, na wakati huo huo matoleo ya zamani yalikuwa yameondolewa madukani. Watu wakawaka, kampuni ikaomba radhi na kuyarudisha ya kompyuta kwenye duka lake. Sega nao mwaka uliofuata wakazitoa Sonic za zamani madukani kabla ya mkusanyiko mpya wa Sonic Origins, na kwenye Sonic 3 humo ndani baadhi ya miziki imebadilishwa. Ukitaka ile miziki orijino, rudi kwenye kaseti.

#7 DadaPikseli

@fundi_kodi hapo kwenye kuficha ya zamani nimekubali, mikono juu. Hata leseni haiwezi kutetea hilo la GTA.

Ila hili la maktaba mlilolirusha juu juu bado. Maktaba ikiazimisha gemu mtandaoni mtu gani atanunua? Unaingia, unaazima, unacheza bure, unarudisha. Hao Hamster mnaowasifia si ndo watakufa wa kwanza? Marekani walilijadili hili na Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ikakataa ombi la maktaba na watunzaji, wakasema soko la gemu za zamani linaweza kuumia. Sio wajinga wale.

#8 Mleta mada

Dada hilo ombi halikuwa la kufungua geti kila mtu apite, liliomba gemu ambazo hazipo sokoni, mtafiti aweze kuzifikia akiwa mbali. Kwa sasa lazima ufunge safari mpaka kwenye jengo lenyewe ukae kwenye kiti chao. Kitabu cha zamani maktaba wanaweza kukupigia picha, gemu ya 1988 mpaka upande ndege.

Na soko gani linaumia? Julai 2023 Video Game History Foundation, taasisi ya kutunza historia ya gemu, walitoa utafiti, gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 hazipatikani tena sokoni. Tisini kasoro tatu! Hamster ataumiaje kwa gemu ambayo hakuna anayeiuza, yeye akiwemo? Siku kampuni ikiamua kuiuza, maktaba iitoe kwenye orodha, mbona rahisi tu.

Na kelele zinasaidia msidharau. Machi 2021 Sony walitangaza kufunga maduka ya konsoli zao za PS3 na Vita, watu wakapiga kelele, Aprili wakageuka wakayaacha wazi. Huko California nako tangu Januari 2025 sheria inataka duka la kidijitali likuambie wazi kwamba unapewa leseni tu, likitumia neno "nunua" bila kukuambia hivyo ni kosa. Angalau sasa hivi ukiibiwa unaibiwa ukiwa umesoma karatasi.

#9 kaseti_vumbi

Nimesoma zote sasa. Nabaki pale pale, pesa yangu siwapi, natafuta kaseti orijino. Ila hapo kwenye betri umenishtua, ninayo hiyo Silver, sijaiwasha miaka mingi. Inabadilishwaje? 🙏

#10 Mleta mada

Hahaha karibu kundini mkuu. Ile skrubu ya nyuma sio ya nyota ya kawaida, inataka biti yake maalumu ya milimita 3.8, usilazimishe na kisu utaiharibu kichwa. Ukifungua utaiona betri ina vibati viwili vimelehemewa kwenye bodi, usiivute kwa nguvu utang'oa na njia za bodi, pasha kidogo kimoja kimoja itaachia yenyewe. Nunua betri iliyokuja na vibati vyake tayari, angalia chanya na hasi kabla ya kulehemu. Ukiitoa ya zamani sevu iliyomo inafutika. Kwa hiyo iwashe kwanza uone kama kuna kitu, kama umebakiza bosi yeyote mmalize leo leo.