Nampeleka bi mkubwa Chennai kutibiwa na lugha sina. Nifanyeje?

FundiMtambwe
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi fundi seremala, Mtambwe, Pemba. Bi mkubwa wangu ana tatizo la moyo na tumeshapata barua ya kwenda Chennai, India. Viza zimetoka, yake ya mgonjwa na yangu ya msindikizaji. Safari wiki tatu zijazo, inshaallah. Nina miaka 41, na mbali kabisa nilikowahi kufika ni Tanga, nilikwenda kununua mbao.

Linalonikosesha usingizi si ndege. Ni lugha. Kiingereza nilikiacha skuli kidato cha pili, kusoma herufi naweza, lakini nikisemeshwa naganda. Bi mkubwa ndiyo kabisa, yeye Kipemba chake tu, hata akenda Unguja wanamcheka. Nikitoka kumtafutia chakula nitarudije? Daktari akimuuliza panauma vipi, nani atamjibu? Kuna jamaa kaniambia nisihangaike, Kihindi cha sinema kinatosha. Kweli?

BintiKwerekwe
Wa alaykum salaam kaka. Huyo jamaa anakutia shimoni. Mimi nimekaa Chennai siku 38 na marehemu baba, na nilikwenda na Kihindi hicho hicho cha sinema. Wenyewe kule wanasema Kitamil, na Kitamil na Kihindi si lugha za ukoo mmoja hata. Nikamwambia mwenye duka "pani", akabaki ananitazama. Maji kwao ni "tanni". Bei gani ni "evlo". Sitaki ni "vendaam", na hilo lishike kabla ya jengine lolote, maana nje ya geti la hospitali utaligawa kutwa nzima.

Sasa la kupotea. Sisi tulifikia mtaa wa Triplicane, ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya nyumba ya wageni. Siku ya pili nikatoka kununua biriani, nilipomaliza nikapanda oto (ndiyo bajaji hizo, za manjano, ila ukisema bajaji hawakuelewi). Namwambia dereva Triplicane, anatikisa kichwa, twende. Njiani kila kibao ninachokiona kimeandikwa Thiruvallikeni. Nikajua nimeshachukuliwa. Nilipiga ukelele wallahi, nikashuka, nikaanza kulia na mfuko wa biriani mkononi. Akatokea bibi mmoja akanishika mkono mpaka kwenye kona, kumbe nyumba yetu ile pale! Triplicane ni vile Waingereza walivyoshindwa kulitamka, Thiruvallikeni ndilo jina lenyewe. Utakutana na mambo hayo sana. Hata Chennai mpaka 1996 ikiitwa Madras, na wazee bado wanaiita hivyo.

Kwa hiyo ukifika tu, begi hujalifungua, mwambie wa mapokezi akuandikie anwani kwa Kitamil, kwa mkono, na namba yake ya simu chini. Ziwe karatasi tatu. Moja yako, moja aitie bi mkubwa kwenye mkoba, moja ibaki chumbani. Simu ilinizimikia mara mbili na mara zote karatasi ndiyo iliyonirudisha.

NahodhaMstaafu
Mwanangu, pole kwa mzazi. Mimi nitakwambia la baharini, hayo ya simu wataalamu wapo.

Huku kwetu tukiswali tunaelekea kaskazini, Makka iko juu yetu sawasawa. Chennai kibla kiko magharibi, kimelala kidogo upande wa kaskazini, na bahari iko mashariki. Maana yake ukisimama kuswali pale Triplicane, bahari iko mgongoni. Tena kwenu Mtambwe jua linazama upande wa maji, kule linatoka kwenye maji. Usipolijua hilo siku ya kwanza utazunguka mji kinyumenyume kama mimi. Nilikwenda kutibiwa mguu, nikatembea saa nzima naitafuta bahari magharibi.

Triplicane pana msikiti mkubwa wa mawe ya kijivu, Wallajah, wa tangu 1795. Msikiti kwa Kitamil ni "pallivasal". Mtu yeyote ukimwambia neno hilo atakuonesha kwa mkono. Mimi ndio uliokuwa mnara wangu wa taa, kila safari naanzia pale na narudi pale, hata kama njia ni ndefu zaidi.

NesiWaChake
Mitaa utaijua ndani ya siku nne kaka, usiogope. Kazi ipo kitandani. Mimi nesi na nimewahi kumsindikiza mgonjwa huko, kwa hivyo nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Kwanza, hospitali kubwa za Chennai zina kitengo cha wagonjwa wa nje ya nchi, na zipo zenye wakalimani wa Kiswahili. Mtafute kijana anayejua Kiingereza akuandikie barua pepe leo, aulize: mkalimani yupo? Anakuwepo saa ngapi? Usiku je? Swali la usiku ndilo watu wanalolisahau, na moyo hauchagui wakati.

Pili, daktari anayemtibu hapa mwambie akuandikie ukurasa mmoja wa Kiingereza: maradhi yalianza lini, dawa anazokunywa kwa jina la dawa yenyewe (si la kampuni), kipimo, na kitu kinachomdhuru. Madaktari wao wote wanafanya kazi kwa Kiingereza. Ukurasa huo utasema kuliko wewe.

Tatu, maumivu. Programu ya kutafsiri kwenye simu ipakue mapema, Kiswahili na Kitamil zote, ili ifanye kazi bila intaneti. Lakini iseme sentensi fupi fupi. Bi mkubwa akisema "moyo unanienda mbio halafu unakatika" simu itatoa kioja. Kaa naye sasa hivi, mkubaliane ishara: ngumi ni kubana, kidole ni kuchoma, kiganja wazi ni ganzi. Kisha umfundishe kuonesha kwa vidole maumivu ni mangapi kwa kumi, maana wataliuliza hilo asubuhi, mchana na jioni.

Na hili nisipolisema sitolala. Mgonjwa wangu alikuwa bibi wa makamo, chakula cha kule hakimpiti, kutwa anamwambia nesi "wali, wali". Nesi anakimbia, anarudi na sindano! Siku ya pili ndiyo nikafahamu: kwa Kitamil "vali" ni maumivu, na v yao masikioni kama w. Bibi wa watu anaomba chakula, anadungwa.

Jengine, kichwa. Kule mtu akikubali anakiyumbisha kichwa kushoto na kulia, kama anayekataa vile. Mwambie bi mkubwa mapema kabisa. Wangu alimuona daktari anayumbisha kichwa mbele ya picha za kipimo, akaanza kutoa wasia.

MtotoWaKisonge
Hahaha nesi umeniua na hiyo wali 😂😂 Basi na mimi niongeze: saa. Ukiandikiwa miadi 9:00 ni saa tatu asubuhi yetu, usiende kinyume kama ami yangu, aliambiwa "tatu" kwa vidole yeye akaenda asubuhi, kumbe ni saa tisa alasiri. Alikaa kwenye benchi saa sita.

Halafu wao wametutangulia saa mbili na nusu. Ukitaka mtu wa huku akukalimanie kwa simu daktari akipita saa mbili asubuhi, huku ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tafuta mtu anayeamka kuswali alfajiri, si mimi.

FundiMtambwe
Jazakumullahu kheir, nimecheka na machozi. Nesi, nimeshaanza kumfundisha ishara. Anasema ngumi anaiona ya kugombana.
Na usafiri je? Kutoka uwanja wa ndege nipande nini?

MtotoWaKisonge
Treni ya metro inafika mpaka uwanjani, vibao na matangazo ni Kitamil na Kiingereza. Ila na mgonjwa wa moyo na mabegi, siku ya kwanza chukua teksi tu. Baadaye tumia programu ya kuitia gari au oto kama Uber, unaona bei kabla. Wanakupa namba nne, dereva akifika unamuonesha ndiyo aanze safari. Shida yake dereva hupiga simu kwanza na kusema Kitamil mfululizo. Usijibu kitu, mpe simu mlinzi wa getini.

PapasiWaForodhani
Mimi nimekuwa papasi Mji Mkongwe miaka kumi na moja, nimeacha, Mungu anisamehe. Nimempeleka mke wangu Chennai na nilipotoka tu getini nikawaona wenzangu. Wanakuja na "jambo, mambo, karibu", Kiswahili cha maneno ishirini. Atakupeleka nyumba ya kulala, duka la dawa, pa kubadilishia fedha, na kila mlango anakatiwa chake. Mimi nilikuwa nikifanya vivyo hivyo kwa Wazungu, namzungusha vichochoro vitatu kwenda duka lililo nyuma yake. Usimfuate mtu.

BintiKwerekwe
Si wote, papasi. Sisi alitusaidia mmoja mpaka mwisho, na baba alipofariki ndiye aliyehangaika na makaratasi. Tulikubaliana malipo ya siku, kwa maandishi. Kaka, usikatae msaada, kataa usioujua bei yake. Na kwenye hesabu usiwe mnyonge: "laki" yetu ni "laki" yao, mia elfu vile vile. Keshia akisema laki moja na nusu utamwelewa bila mkalimani.

NesiWaChake
Hapo kwenye dawa namuunga mkono papasi. Nunua ndani ya hospitali, na risiti uiweke.

FundiMtambwe
Ndugu zangu, tumefika, leo siku ya sita. Mkalimani yupo, dada mmoja mpole, ila saa kumi jioni anaondoka. Jana usiku bi mkubwa alikunja ngumi, nesi akaja mbio na mashine, alhamdulillah ilikuwa kiungulia. Operesheni Jumanne, mumuombee.

Nimepotea mara moja. Nikasema "pallivasal", watoto wawili wakanipeleka mpaka mlangoni, kumbe msikiti mwengine kabisa, mdogo, uko upande wa pili. Nikaswali pale pale kisha nikaitoa karatasi.

Bi mkubwa amewashinda nyote kwa lugha. Madereva anawaita "anna", yaani kaka mkubwa, hata wenye umri wa wajukuu zake, nao wanamwita "amma". Ila kuna kitu anakililia na sijui nikiombe vipi, nakiona kimepangwa njia nzima: dafu linaitwaje?

NahodhaMstaafu
"Elanir." Muulize daktari kwanza kama ameruhusiwa.