Naomba ushauri: renja aliyelaaniwa, leveli ya 3, asiwe mzigo kwa kundi

Podo_Tupu

Wakuu, salaam. Tunaanza kampeni mpya (hadithi ya vikao vingi) ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la tano, sheria za 2014, leveli ya 3. Tuko wanne: kuhani, mpiganaji, mchawi, na mimi renja (mwindaji wa porini) wa upinde. Nataka mhusika wangu awe na laana inayouma mezani, siyo ile ya kuandikwa kwenye historia yake halafu ikasahaulika kikao cha pili. Ila sitaki wenzangu wanibebe kila pambano.

Mpango wangu: binadamu wa aina ya pili, yule anayeanza na kipaji, nimchukulie Sharpshooter. Wepesi 16, Busara 14, Haiba 14, Ustahimilivu 13. Leveli mbili za renja na moja ya fani ya Warlock, ili niweke uchawi wa Hunter's Mark na wa Hex kwa adui mmoja na kila mshale ubebe d6 mbili (dadu za pande sita) za madhara ya ziada. Silaha ya laana tumefikiria Sword of Vengeance. Nakosea wapi?

Mzee_wa_d20

Mkuu, mpango unavunjika kwenye Hex. Hunter's Mark na Hex zote zinadai umakini. Ukiwasha ya pili, ya kwanza inazimika papo hapo. Hizo d6 mbili hutaziona kwenye mshale mmoja hata siku moja.

Halafu zote mbili zinakula tendo la ziada, na kila adui akianguka unalipia tendo la ziada jingine kuhamisha alama. Na hiyo leveli ya Warlock inachelewesha mashambulizi mawili ya renja kutoka leveli ya 5 hadi ya 6. Kwa mpiga upinde hakuna kinachouma kuliko hapo.

Hesabu_Kwanza

Niongezee kwenye upanga, maana huo ndio utakaomuua renja wako.

Ukishafungamana na Sword of Vengeance, silaha nyingine yoyote unairushia dadu mbili na kuchukua ndogo. Upinde ni silaha nyingine. Tuchukue renja wa leveli ya 5 mwenye Wepesi 18: +4 ya Wepesi, +3 ya ustadi, +2 ya mtindo wa Archery, jumla +9. Dhidi ya kinga 15, yaani jumla ya kufikiwa ili mshale upate, anapata mara 75 kati ya 100. Akiwa chini ya laana ya upanga anashuka hadi 56.

Akitumia Sharpshooter, yaani atoe 5 kwenye kulenga apate 10 kwenye madhara, bila laana anapata mara 50, na chini ya laana mara 25. Nusu nzima imekwenda. Kwa mshale wa d8 wenye Hunter's Mark, wastani wa madhara kwa kila mrusho, pigo kuu likiwekwa kando, ni huu:

Bila laana, kawaida: 9. Bila laana, na Sharpshooter: 11.
Chini ya laana, kawaida: 6.75. Chini ya laana, na Sharpshooter: 5.5.

Kumbe kipaji ulichokilipia kinageuka hasara. Na bado kila ukidhurika pambanoni unajinusuru kwa Busara dhidi ya 15, yaani dadu pamoja na nyongeza ya Busara zifike 15. Renja hana ustadi wa kujinusuru kwa Busara, anao wa Nguvu na Wepesi tu. Ukiwa na Busara 14 unahitaji 13 kwenye dadu, kwa hiyo unashindwa mara 60 kati ya 100, na ukishindwa unakimbilia kumkata kwa upanga yule aliyekudhuru. Mpiga upinde wa futi 150 anageuzwa mpiga panga kwa lazima.

Laana isiguse mrusho wa kulenga. Iguse kitu kingine chochote.

Kivuli_Futi60

Mhusika mwenyewe ningemjenga hivi, tuzungumzie laana baadaye.

Pointi 27 za kununulia sifa: Wepesi 15, Busara 15, Ustahimilivu 14, Akili 10, Nguvu 8, Haiba 8. Zile +1 mbili za binadamu ziende Wepesi na Busara, zote zinafika 16. Kipaji Sharpshooter, mtindo Archery, tawi Gloom Stalker. Leveli ya 4 ongeza Wepesi hadi 18. Renja mtupu mpaka leveli ya 5 angalau, usichanganye fani.

Kwa nini Gloom Stalker? Busara inaongezwa kwenye kupanga zamu, na zamu ya kwanza ya pambano unapata shambulio moja zaidi lenye d8 ya ziada likipata. Ukifika leveli ya 5 hiyo ni mishale mitatu kabla wengi hawajasogea. Leveli ya 7 inakupa Iron Mind, ustadi wa kujinusuru kwa Busara, na kwa mtu mwenye laana hicho ndicho kitu cha kusubiri. Usipoteze kipaji kununua ustadi huo mapema.

Angalizo moja ambalo watu hulisahau: ukiwa gizani, kiumbe anayetegemea macho ya gizani kukuona hakuoni kabisa. Lakini giza lazima liwepo. Mpiganaji wenu akiwa amesimama karibu nawe na mwenge, faida hiyo imekufa. Elewaneni kabla nani anashika taa na anasimama umbali gani.

Kwa uchawi, ukiwa leveli ya 3 unajua mitatu: Hunter's Mark, Goodberry, Absorb Elements. Leveli ya 5 ongeza Pass without Trace, ukikumbuka kwamba nao unadai umakini.

Podo_Tupu

Asanteni sana, Hex na upanga nimevitupa. Sasa je, laana ya mbwamwitu? Na kuhani wetu akifika leveli ya 5 atapata Remove Curse, uchawi wa kuondoa laana. Si hadithi yote itaishia hapo kwa tendo moja?

Mwendesha_Meza

Ya mbwamwitu iache. Inakupa kinga kamili dhidi ya silaha za kawaida zisizo na fedha, na hiyo leveli ya 3 inamfanya mpiganaji wenu ajione hana kazi. Kisha inakupandishia Nguvu hadi 15, ambayo upinde hauitaki. Faida kubwa mahali pasipofaa, na gharama yake ni mwendesha mchezo kukunyang'anya mhusika wako.

Kuhusu Remove Curse uko sahihi, ndiyo maana lazima ukae na mwendesha mchezo kabla ya kikao cha kwanza. Mwombe laana ya kutunga wenyewe, ilipwe kwa dadu za uhai, zile unazotumia kupona kwenye mapumziko mafupi. Renja anazo d10 moja kwa kila leveli, na mpiga upinde anayekaa mbali huwa anabaki nazo nyingi bila kuzitumia. Ndipo pa kumkamua.

Iite Deni. Mara moja kwa zamu, mshale ukishapata, unaweza kuchagua kuongeza d6 ya madhara ya kifo. Haidai umakini wala tendo la ziada, kwa hiyo inakaa vizuri na Hunter's Mark. Kila ukiitumia, deni linapanda 1.

Kulipa: kwenye mapumziko mafupi unatumia dadu ya uhai bila kupona chochote, deni linashuka 1. Deni lililobaki baada ya mapumziko marefu linapunguza kiwango chako cha juu cha uhai kwa 2 kwa kila moja, hadi ulipe.

Uzuri wa mpango huu ni hesabu yake. Mapumziko marefu yanarudisha nusu tu ya dadu za uhai, zisipungue moja. Leveli ya 3 unarudishiwa 1, leveli ya 5 unarudishiwa 2. Kwa hiyo leveli ya 5 unaweza kukopa mara mbili kwa siku na kulala salama. Ya tatu inaanza kula akiba, na siku ya pili au ya tatu ya safari utaisikia. Leveli ya 5 una uhai 44. Deni la 4 linakushusha hadi 36. Haikuui, lakini inakufanya ufikiri kabla ya kusema ndiyo.

Deni likifika 5, laana inaamka: kila ukidhurika pambanoni, jinusuru kwa Busara dhidi ya 13. Ukishindwa, zamu yako inayofuata mishale yote imlenge adui aliye karibu zaidi. Adui, siyo mwenzako. Laana ya kuwapiga wenzako inachosha meza nzima kufikia kikao cha tatu, kwa sababu wanaoadhibiwa hawakuichagua.

Na Remove Curse iilaze laana mpaka alfajiri tu: hukopi, haikuamrishi, lakini deni liko palepale. Kuhani wa leveli ya 5 ana nafasi mbili tu za uchawi wa daraja la tatu, kwa hiyo ataitumia siku mkiwa mmebanwa kweli.

Hesabu_Kwanza

Nakubaliana na Deni, ila kifungu cha "mishale yote" kina tatizo. Adui wa karibu zaidi mara nyingi yuko futi 5 kutoka kwako, na kupiga upinde hapo ni dadu mbili unachukua ndogo. Mmerudi kwenye ugonjwa wa ule upanga. Andikeni "mashambulizi yote" badala ya "mishale yote", na renja abebe upanga mfupi.

Upinde unadai mikono miwili wakati wa kupiga tu. Mkono mmoja ubaki na upinde, mwingine uchomoe upanga, na kuchomoa silaha moja ni bure katika zamu. Leveli ya 5 upanga mfupi una +7, maana Archery hauusaidii, na dhidi ya kinga 15 unapata mara 65. Upinde wa karibu ungepata 56.

Mwendesha_Meza

Sahihi, "mashambulizi". Nimekosea hapo.

Podo_Tupu

Nimempelekea mwendesha mchezo, kakubali yote. Swali la mwisho: deni nalihesabuje mezani bila kufutafuta karatasi?

Mzee_wa_d20

Weka d10 zako za uhai mbele yako, tatu kwa leveli ya 3, na d6 moja nyekundu pembeni yake. Ile nyekundu ndiyo deni, ukikopa unaigeuza namba inayofuata. Ukilipa unairudisha nyuma moja na kusogeza d10 moja ndani ya mfuko. Kuhani wenu akiwa anaiona namba hiyo muda wote, atajua mwenyewe lini aanze kuitunza Remove Curse.