Tupeane uzoefu: ratiba za mbio za kwenye simu na majeraha, Arusha na Moshi

Moshono_Alfajiri
Wakuu, leo alfajiri vijana watano walikuwa wanapanda Ilboru, simu tano zinaongea kwa pamoja: "Umechelewa, ongeza mwendo." Na wanaongeza kweli! Kilima kile, baridi hii ya Julai, hata jasho halijatoka. Nimeona nifungue uzi. Mnaotumia programu zinazokupangia leo vipande (kasi kidogo, pumziko, kasi tena), kesho mbio laini, keshokutwa kilima, semeni mnazipangaje kwa ardhi yetu na wapi zinaumiza watu. Moshi mnakaribishwa, ila msianze na joto lenu.

Naanza. Ratiba ikileta kilima, ondoa lengo la dakika kwa kilomita. Fungua zoezi, bonyeza kuhariri, kwenye kila kipande badilisha lengo liwe muda tu, au jitihada 7 kati ya 10. Kupasha dakika 15, kisha rudia mara 8: sekunde 45 za kupanda kwa nguvu, dakika 2 za kushuka kwa kutembea. Malizia na dakika 10 za polepole. Kushuka usikimbie, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki, na maumivu yake huja siku ya pili, siku ambayo programu imekuwekea mbio ndefu.

Mangi_wa_Rau
Nyie baridi, sisi tuna mpando wa Mweka. Programu inakadiria muda wako wa Kilimanjaro Marathon kwa kutumia kilomita 5 ulizokimbia tambarare, halafu mtu analia akianza kupanda. Kwenye mbio ndefu weka mpando humohumo, kilomita 4 au 5 za katikati, usingoje Februari.

Laini_Mbili
Kabla hamjailaumu ratiba, angalieni simu. Nyingi zinaua programu kioo kikizima ili kuokoa chaji. Nenda Mipangilio, Programu, chagua hiyo ya mbio, Betri, weka "bila vizuizi". Kwenye Mahali ruhusu muda wote. Kisha fungua orodha ya programu zilizo wazi, hiyo ya mbio uiwekee ile alama ya kufuli ili isizimwe, kama simu yako inayo. Usipofanya hivyo ramani itachora mstari ulionyooka unaopita juu ya mabati ya watu. Umekimbia kilomita 8, imeandika 6.4, na itakuona mvivu.

Na usibonyeze anza ukiwa mlangoni chini ya bati au chini ya mti mkubwa. Toka nje, simama sekunde 30 hadi 60 ishara itulie.

Uwanjani, pale Sheikh Amri Abeid kwa mfano, tatizo linageuka. Njia ya kwanza mzunguko ni mita 400, simu inaweza kusoma 415. Umezunguka kwa sekunde 96, yaani dakika 4:00 kwa kilomita. Simu inaona 3:51. Sekunde tisa za bure! Wiki ijayo programu inakupandishia malengo kwa mwendo ambao hujawahi kuufikia. Dawa yake: hariri vipande viwe vya muda, au tumia kitufe cha mzunguko na ubonyeze mwenyewe kwenye mstari.

Kijenge_Juu
Umesema kweli tupu, hasa hapo kwenye betri.

Mzee_wa_Raundi
Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, 3:32.2, hakuwa na simu wala nini. Kimbieni.

Laini_Mbili
Shikamoo mzee. Bayi hakukimbia kwa kukisia, alipimwa muda kwenye uwanja wenye mistari. Kijana wa Sakina leo hana mtu wa kumshikia saa.

Mzee_wa_Raundi
Marahaba. Sasa mbona hiyo saa yenu ya mkononi inasema mapigo 178 mtu akijikokota?

Laini_Mbili
Hapo umenikamata, mzee. Baridi ikibana mishipa ya ngozi, kile kitaa cha chini ya saa kinakosa damu ya kusoma, kinaanza kuhesabu hatua. Ukiona mapigo na hatua kwa dakika vinakaribiana, ni hatua hizo. Vaa saa juu ya kifundo cha mkono, vidole viwili kutoka mfupa, kaza kidogo, ifunike kwa mkono wa sweta dakika 10 za kwanza. Au ziba namba zote ukimbie ukiongea. Sentensi nzima ikitoka bila kukatika, hizo ni mbio laini.

Dada_Viungo
Naandika refu, mnisamehe. Mmegusa simu na vilima, hakuna aliyegusa kano ya kisigino, na vipande vya kasi ni mahali pake pa kukatikia.

Inavyokuwa ni hivi. Mkimbiaji yuko kipande cha sita. Simu inahesabu tatu, mbili, moja, anachomoka. Hatua ya pili anasikia "pa!" kama kapigwa teke kwa nyuma. Wengi hugeuka kumtafuta aliyerusha jiwe. Hakuna mtu. Baada ya dakika chache maumivu yanaweza kupoa, vidole vinacheza, anatembea akichechemea. Wenzake wanamwambia ameteguka, akakandwe na maji ya moto. Wiki tatu zinapita anakandwa huku kano imekatika vipande viwili.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mlaze kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda. Minya kigimbi cha mguu mzima, utaona unyayo unashuka wenyewe. Minya na cha mguu ulioumia. Unyayo ukibaki umetulia, hesabu kano imekatika. Usichue, usikande, usimlazimishe kukanyaga. Unyayo uelekee chini, afungwe hivyohivyo, aende kwa daktari wa mifupa siku hiyo.

Na kuna swali ambalo programu haiulizi: umemeza sipro, ile antibiotiki, karibuni? Dawa za kundi hilo, siprofloksasini na levofloksasini, zinaweza kudhoofisha kano, ya kisigino ikiwa ya kwanza, na hatari inaweza kubaki miezi kadhaa baada ya dozi kuisha. Watu wananunua dukani kwa ajili ya tumbo Jumatatu, Alhamisi wako kwenye vipande vya mita 400.

Sanawari_Kwa_Miguu
Subiri. Sipro? Hii hii ya tumbo?

Mangi_wa_Rau
Uzi umefungwa, twendeni tukanywe mbege.

Kijenge_Juu
Dada, na mtu aliyeandikiwa kabisa na daktari?

Dada_Viungo
Usikatishe dozi kwa sababu ya uzi wa mtandaoni. Mwambie aliyekuandikia kwamba unakimbia, naye ataamua kama kuna dawa mbadala. Kwenye ratiba simamisha vipande, vilima na kuruka kamba. Kisigino kikianza kuuma au kuvimba ukiwa kwenye dawa hiyo, acha kukimbia na umrudie daktari mara moja.

Fundi_Raba
Mnaiacha raba. Za mtumba pale soko la Memorial, Moshi, zipo nzuri, shida watu wanaangalia juu. Igeuze. Bonyeza soli ya katikati kwa dole gumba: ikibonyea na kurudi, ina uhai, ikiwa ngumu kama sabuni ya kipande, acha. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilala upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaikanyaga akaimaliza. Kwenye programu kuna sehemu ya kusajili raba. Ya mtumba usiianzishe na sifuri, andika imekimbia kilomita 300, ukifika 600 anza kutafuta nyingine.

Njiro_Namba_Moja
Mtumba wa kukimbilia ni kujitafutia magongo ya kutembelea. Nunua mpya.

Fundi_Raba
Mpya ya bei ya mbuzi wawili? Wewe nunua, sisi tunabonyeza kwa dole gumba.

Njiro_Namba_Moja
Hiyo 300 umeitoa wapi?

Fundi_Raba
Ya kukisia. Ila wewe sifuri yako ndiyo uongo kamili.

Sanawari_Kwa_Miguu
Rudini kwenye mada. Ugoko unauma kwa ndani, chini. Programu imejaza "pumziko siku 1" kisha vipande. Nifuate?

Dada_Viungo
Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Maumivu yakitanda upana wa vidole vitatu au zaidi na kupungua mwili ukipata moto, punguza kilomita nusu, toa vipande, kimbia kwenye udongo, uone baada ya wiki mbili. Yakiwa sehemu moja ambayo ncha ya kidole inaifunika, ukiruka kwa mguu mmoja unaruka na mayowe, au yanakuamsha usiku, simama kabisa. Huenda ni ufa wa mfupa. Eksirei ya wiki ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo karatasi safi isikurudishe barabarani.

Mzee_wa_Raundi
Supu ya makongoro, asubuhi na jioni.

Dada_Viungo
Mzee, kunywa tu, haina ubaya. Ila ongeza na hii: simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa ncha za vidole sekunde 3, shuka sekunde 3 mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 12, seti 3, siku mbili kwa wiki. Ikizoeleka, mguu mmoja mmoja. Programu nyingi zina sehemu ya mazoezi ya nguvu ambayo watu wanairuka. Iweke jioni ya siku ya vipande, siku ya mbio laini ibaki laini kweli.

Mangi_wa_Rau
Na mgongo wa lami je? Ukikimbia kulia ukiangalia magari, mguu wa kulia unatua chini kuliko wa kushoto kilomita zote. Nyonga inalalamika. Geuza upande wakati wa kurudi.

Moshono_Alfajiri
Usigeuze! Daladala zitakujia mgongoni na bodaboda bila taa. Shuka kwenye njia ya vumbi ya pembeni, ni bapa.

Mangi_wa_Rau
Mwezi wa nne hiyo njia ni tope la magotini.

Moshono_Alfajiri
Mwezi wa nne nenda uwanjani. Na ukizunguka, nusu ya mizunguko geuza mwelekeo, njia ya nje, uwapishe wanaokimbia kasi.