Tupeane uzoefu: siku mliyosomewa wosia wa mzazi mlikuta nini?

Wakuu habari za jumapili. Naomba tupeane uzoefu kwa wale waliowahi kukaa kikao cha kusomewa wosia wa baba au mama, maana mimi nimesomewa wiki tatu zilizopita na mpaka leo nikikumbuka ile siku usingizi unakata.

Mimi ni mtu wa Rombo. Mzee katutoka mwezi wa tatu, mama alishatangulia 2016. Tuko watano, wanaume watatu na dada wawili, mimi ndio kitinda mimba. Wa kwetu wanajua, nyumba ya wazazi na kihamba chake (lile shamba linalozunguka nyumba) ni vya mtoto wa mwisho wa kiume, hilo halijadiliwi hata, tangu niko darasa la pili bibi alikuwa ananiambia wenzako wataondoka wewe utabaki na sisi hapa. Kwa hiyo kichwani mwangu kile kihamba kilishakuwa changu, 2019 nikamwaga na msingi pale juu karibu na migomba, tofali nilifyatua mwenyewe. Mzee alikuja akasimama akaangalia weee, akasema "mbona madirisha makubwa hivyo, huku si kuna baridi", akaondoka zake. Mimi nikachukulia hiyo ndio ruhusa.

Wosia alikuwa ameuacha kwa katekista mmoja mstaafu, bahasha ya kaki imezungushiwa selotepu mpaka tukaomba kisu jikoni. Karatasi nne za kauntabuku. Kurasa mbili za mwanzo wino wa bluu, mwandiko wake ule wa kulala upande, kuanzia ya tatu wino mweusi na herufi zinatetemeka. Mzee alipata kiharusi 2021, kwa hiyo kila mtu mle ndani alielewa wino umebadilika lini bila kuambiwa. Baba mdogo ndio alisoma, anasoma pole pole kama somo la kwanza kanisani. Shamba la porini wagawane kaka zangu wawili, ng'ombe wa maziwa dada mdogo, yote hayo yako kwenye bluu. Tukaingia nyeusi. Kihamba na nyumba: dada yetu mkubwa. Sababu kaweka mstari mmoja tu, "yeye ndiye aliyekuwa akinigeuza."

Dada aliacha genge lake Himo akarudi kijijini kumuuguza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa Dar natuma hela. Natuma kweli, ila tusidanganyane, sio kila mwezi.

Nikameza. Sasa ukurasa wa nne ndio kimbembe, kaandika watu anaowadai. Jirani fulani gunia mbili za mahindi, nani sijui debe la kahawa, halafu jina langu, yote matatu: "nilimpa 1,800,000 mwaka 2011 za pikipiki, akasema atarudisha baada ya miezi sita. Sikumbuki kama alirudisha." Wakuu, kikao kizima kilinigeukia, shemeji akajifanya anakohoa. Mimi miaka yote hiyo najua mzee alinipa!

Karibuni, na ya kwenu yalikuwaje?

#2

Hahaha lipa deni kwanza mangi ndio tuendelee na uzi.

#3

Pole sana mkuu. Sisi ni watu wa Pangani. Mama alifariki 2017, siku ya pili baada ya kuzika dada akafungua msahafu wake akakuta karatasi imekunjwa mara nne, kaandika wasia wake kwa Kiswahili lakini kwa herufi za kiarabu kama walivyokuwa wanaandikiana barua mabibi zetu. Sasa angalia maajabu, watoto sita wote tumekhitimu, kuna mmoja anaswalisha watu kabisa, na hakuna aliyeweza kuusoma ule waraka! Sisi tumezoea msahafu una irabu zake, mama kaandika mkato mkato bila irabu hata moja. Tukaambulia neno "nyumba" na neno "mwanangu", jina linalofuata kila mtu anasoma lake.

Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa kavuka Unguja, ikabidi tumsubiri siku tatu. Zile siku tatu sitasahau. Kaka yangu ambaye maisha yake yote hajawahi kuteka maji alifagia uwanja. Watu wanaitana "dada yangu kipenzi".

Mwalimu alipokuja akasoma huku sisi tumekaa jamvini. Kwanza kaanza na madeni yake, dukani anadaiwa shilingi 14,000 za mchele, halafu ana siku 11 za Ramadhani hajazilipa tumtolee fidia, halafu kanga zake wapewe akina fulani. Mwisho, nyumba apewe mdogo wetu wa mwisho wa kike maana hana mume wala kazi. Mwalimu akakunja karatasi akavua na miwani, akasema wanangu hapa mama yenu kateleza, wasia hauzidi theluthi ya mali, tena mrithi haachiwi wasia juu ya fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie kwa hiari zao, kwa hiyo nawauliza mmoja mmoja.

Wanne tukaridhia. Kaka mmoja akasema hapana, mimi nataka changu. Tulimchukia jamani, na yeye ndio alikuwa yuko sawa kisheria! Tuko wanaume watatu na wanawake watatu, mafungu yakawa tisa, mwanaume mawili mwanamke moja. Nyumba ikathaminiwa milioni 36 kwa hiyo yeye ni milioni 8. Tulichanga miaka miwili mpaka tukammaliza. Leo hii Idi zote anakuja kula kwenye ile ile nyumba na hakuna anayemkumbusha, ila biriani lake huwa linachelewa kidogo kufika.

#4

Nyie mna bahati mlikuta wosia mmoja, sisi tulikuta miwili.

Mwanza, mzee alikuwa na wake wawili. Sisi wa mama mkubwa tukaja na daftari, wenzetu wakaja na karatasi imechapwa kompyuta, chini ina dole gumba. Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka 34! Mtu aliyechapa watoto kwa ajili ya mwandiko mbaya, leo anasaini kwa dole? Tarehe iliyopo ni wiki ambayo yuko ICU hajitambui, na mashahidi wote wawili ni wajomba wa upande ule.

Tukaenda Mahakama ya Mwanzo tukijua tumeshashinda. Hakimu akautupa ule wa dole, tukapiga vigelegele moyoni, halafu akaushika wa kwetu akauliza mashahidi wako wapi. Hakuna. Mzee kaandika peke yake usiku kafunga daftari kalala. Taratibu zile za mila za 1963 zinataka kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika basi mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, kama hajui wanakuwa wanne, na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Wa kwetu nao ukatupwa. Mali ikagawanywa kama mtu aliyekufa bila wosia wowote.

Kinachoniuma sio mgao. Lile daftari lilikuwa na kurasa sita, ana barua kwa kila mtoto, yangu inaanza "wewe nilikuchapa sana". Karani alilipokea na vielelezo vingine likabaki kwenye jalada, na mimi mjinga sikupiga hata picha.

#5

Niaje wadau, mimi niko Nakuru. Buda alikuwa wa kusema, si wa kuandika. Akiwa amelazwa hospitali alituita sote, akasema mbele ya pasta na ma-uncle wawili, shamba mgawe sawa, wasichana pia. Kuna ndugu yangu aliinuka akatoka nje, hiyo tu. Ilikuwa Januari. Mzee naye kwa ukaidi wake akapata nafuu, akarudi nyumbani, akakamua ng'ombe hadi Juni ndio akaenda.

Kufika kortini, wakili wa yule ndugu akasema wosia wa mdomo Kenya unasimama tu kama mtu amekufa ndani ya miezi mitatu tangu auseme. Sisi tumepitisha. Yaani mzee angekufa haraka tungekuwa sawa, si hiyo ni maneno? Dada yangu alilia kwa corridor.

Lakini ngoja. Wosia ukianguka, sheria ya urithi inaingia yenyewe, na hiyo sheria haijui kijana wala msichana, mama anashikilia mali maisha yake yote, kisha watoto wanagawa sawa. Yule jamaa alilipa wakili pesa ndefu kuangusha maneno ya baba halafu akapewa yale yale na jaji. Sijawahi kuona mtu ameshinda kesi akiwa na uso kama huo.

#6

Mimi nimekuwa nasoma tu hapa muda mrefu sichangii, leo acha niandike.

Mimi ni mtoto wa nje. Baba yangu nilimjua kwa picha moja na sauti ya simu mara chache. Mama aliniambia usiende msibani wale watu hawakujui, na kweli sikwenda, nilikaa Morogoro nikawa napika tu siku ile kama siku nyingine. Baada ya arobaini ikaingia simu namba ngeni, mwanaume anauliza wewe ndio fulani binti fulani, akalitaja jina langu lote mpaka la babu ambalo mimi mwenyewe kwenye vyeti situmii. Akasema mimi ni kaka yako, umeandikwa.

Nikaenda. Wameniwekea kiti. Kaka akanionyesha kwa kidole, niko namba saba, chini ya wote lakini nipo. Kaniachia cherehani ya marehemu mama yake na bati 30 zilizokuwa stoo. Pembeni kaongeza: "atakuja mwenyewe kujitambulisha, msimfukuze." Watu baadaye wakaniambia kwa mila zao mtoto kama mimi asipotajwa kwenye wosia upande wa baba hapati kitu, kwa hiyo ule mstari mmoja ndio mlango wenyewe.

Mke mkubwa hakunisemesha siku nzima. Wakati naondoka akanifungia ndizi kwenye mfuko, akasema una miguu ya kwao. Bati niliuza, cherehani ninayo, inakula uzi balaa lakini siwezi kuitoa.

#7

Kuna mdau kaniuliza PM kama wosia unaweza kutunzwa sehemu zaidi ya kwa katekista na chini ya godoro. Ndio, RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) wanapokea na kutunza, mama yangu kaweka huko, kaniambia upo lakini hajaniambia umeandikwa nini. Kila nikienda kumsalimia naangalia uso wake.

#8 (mleta uzi)

Nimerudi wakuu, nimesoma zote, huyo wa cherehani kanimaliza.

Mrejesho. Kaka zangu walitaka nipinge, wakasema ukoo hauwezi kukubali kihamba kiende kwa mtoto wa kike aliyeolewa kwa watu, nikawaambia mbona nyie hampingi la porini. Wosia una mashahidi wanne, wawili wa ukoo wawili majirani, na baba mdogo mwenyewe kumbe ni mmojawapo, alikuwa anajua tangu 2022 na akawa anakuja kula nyama choma na mimi Krismasi zote hizo kimya! Nilipomuuliza akasema baba yako alinikataza. Kisha akaniambia kata sale umpelekee dada yako. Kwa wasiojua, sale ndio yale majani tunayopandia mipaka ya vihamba, ukimletea mtu jani lake umekuja kuomba msamaha na hatakiwi kukukatalia.

Jumamosi nikaenda nalo, nimelificha kwenye mfuko wa rambo kama naenda kuiba. Dada alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akaliangalia, akalipokea, akalichomeka juu ya mlango, tukaingia ndani tukanywa chai hakuna aliyesema neno. Halafu akaniambia ule msingi wako umalizie, sina shida na wewe, ila madirisha punguza.

Nikajua yameisha. Sasa yeye ndio mzee alimtaja kuwa msimamizi na mahakama imeshamthibitisha, na kuna fomu anatakiwa kurudisha ndani ya miezi minne, orodha ya mali na madeni ya marehemu. Jana usiku kanitumia meseji: "Mdogo wangu umeshindaje. Kwenye fomu kuna sehemu ya wadaiwa, nakuandika 1,800,000 au umepunguza?"

Sijajibu bado.