Kaitwa usaili wa mchujo Jumamosi, naye kalazwa Bombo: kuna siku nyingine?

BintiChumbageni (Alhamisi, saa 1 usiku)

Wadau, hamjambo. Wifi yangu ameitwa usaili wa mchujo, yaani mtihani wa kwanza, wa Sekretarieti ya Ajira, kada ya Afisa Ugavi Daraja la II, Jumamosi hii saa 2:00 asubuhi, kituo hapa hapa Tanga mjini. Amelazwa hospitali ya Bombo tangu Jumanne usiku, malaria kali, na daktari hajataja siku ya kumruhusu. Anaweza kuombewa tarehe nyingine? Aandikiwe nani, na karatasi gani za hospitali zinatakiwa? Asipofika kabisa, atazuiwa kuomba kazi tena? Naomba mnaoujua utaratibu mnijibu, yale ya barazani nimeshayasikia.

Karani_wa_Kange

Pole kwa kuuguza, dada. Nianze na jibu usilolitaka: kwa mchujo, msihesabu siku nyingine. Soma tangazo la kuitwa kwenye usaili kuanzia masharti ya mwanzo, usiishie kwenye orodha ya majina. Linamtaka kila msailiwa azingatie tarehe, muda na mahali alipopangiwa. Fomu ya kuomba kuahirishiwa haimo.

Si ukatili. Mchujo huwapanga watu wa kada moja kwa alama kutoka juu kwenda chini, na wa hatua inayofuata huchukuliwa humo. Ukimfanyisha mmoja peke yake wiki ijayo, ama anakuta maswali yaliyokwisha kuzungumzwa kwenye makundi yote ya WhatsApp, ama anatungiwa mengine ambayo hayalingani na ya wenzake. Na mahojiano au usaili wa vitendo mara nyingi huja siku chache tu baada ya mchujo.

Mahojiano ni habari nyingine. Kada yenye watu wengi, jopo huketi zaidi ya siku moja. Hapo ombi lina pa kushika: unaomba usogezwe ndani ya siku zile zile za jopo, mathalani kutoka Jumatatu kwenda Jumatano. Anayeomba "mnipangie mwezi ujao" anaomba jopo liitwe upya kwa ajili yake, na hilo halitokei.

Hata hivyo andikeni. Kesho Ijumaa, kabla ya saa 9:30 alasiri ofisi hazijafungwa. Barua iende kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Ya posta haitawahi, kwa hiyo itumeni kwa barua pepe ya mawasiliano iliyoko kwenye tovuti yao, kisha mpige simu kuuliza kama imeonekana. Aandike mgonjwa mwenyewe au iandikwe kwa jina lake, na iwe fupi, kama hivi:

*YAH: KUSHINDWA KUHUDHURIA USAILI WA MCHUJO WA TAREHE ..., KADA YA AFISA UGAVI DARAJA LA II, NAMBA YA USAILI ...*

*Mimi (majina matatu kama yalivyo kwenye akaunti) nimelazwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, tangu tarehe ... na sijaruhusiwa. Naambatisha barua ya daktari. Iwapo ratiba ya kada hii ina siku nyingine ya mchujo, naomba nipangiwe. Kama haipo, naomba taarifa hii iwekwe kwenye kumbukumbu. Simu yangu ni ...*

Basi. Hadithi ya homa ilivyoanza haisaidii. Namba ya usaili ainakili kwenye akaunti yake ya Ajira Portal, ile tovuti aliyoombea kazi. Barua isiyo na namba wala jina la kada inamlazimu mpokeaji amtafute mtu mmoja kati ya maelfu, na Ijumaa alasiri hakuna mwenye muda huo.

La kufungiwa: kukosa mchujo mmoja hakumzuii kuomba nafasi zikitangazwa tena. Akaunti inabaki, vyeti vinabaki.

Muuguzi_Makorora

Naongezea upande wa karatasi, maana ndipo wengi wanapokwama.

Daftari la kliniki na risiti ya dawa havithibitishi kwamba mtu hakuweza kufanya mtihani. Vinaonyesha tu kwamba alifika hospitali. Kinachotakiwa ni barua ya daktari yenye jina kamili la mgonjwa, tarehe aliyolazwa, sentensi inayosema hawezi kuhudhuria usaili tarehe fulani, jina na sahihi ya daktari, namba yake ya usajili Baraza la Madaktari Tanganyika, na muhuri wa hospitali. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe, ni siri ya mgonjwa. ED, karatasi ya daktari ya kumpumzisha mtu, nayo inafaa, ila kwa kawaida huandikwa "apumzike siku 3" bila kutaja usaili. Mwambieni daktari aongeze mstari huo.

Muombeni wakati wa raundi ya asubuhi. Barua ikiandikwa saa 4 bado mna muda wa kutafuta muhuri, maana muhuri haukai wodini. Mkichelewa hadi jioni mtakuwa na barua isiyo na muhuri mpaka Jumatatu, na Jumatatu mtihani umeshapita.

Majina yafanane. Hospitali kaandikishwa "Mwanaidi Ali" na kwenye akaunti ni "Mwanaidi Ally Hamisi": sahihisheni pale pale mapokezi kabla barua haijachapwa.

Halafu, wifi yako usimfute Jumamosi mapema hivyo. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate: ya kwanza anapopokelewa, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha moja kila siku hadi aweze kumeza. Akiweza, anahamishiwa dawa mseto, mtu mzima vidonge 4 kwa dozi, dozi 6 ndani ya siku 3. Aliyelazwa Jumanne usiku alimaliza sindano tatu za mwanzo Jumatano usiku. Ikiwa leo anakula na kumeza bila kutapika, Ijumaa anaweza kuruhusiwa. Kama daktari anazungumzia kuongezewa damu, hapo msimsukume. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu akikaa saa mbili mbele ya kompyuta atasoma swali moja mara nne.

BintiChumbageni

Ahsante sana. Leo amekula uji na ameanzishiwa mseto jioni hii. Damu hawajaitaja. Sasa tuandike au tusubiri? Tukiandika halafu akafika, haitaonekana uongo?

Karani_wa_Kange

Barua ya daktari iombeni asubuhi kwa vyovyote, ila msiitume kwanza. Subirini uamuzi wa raundi. Akiruhusiwa, barua inabaki kwenye mkoba. Asiporuhusiwa, inatumwa kabla ya saa 6 mchana, bado mna saa tatu za kupiga simu. Mkituma sasa mkisema hatafika halafu akafika, si uongo, ila mmejitafutia maelezo ya bure mlangoni.

Msambaa_wa_Mombo

Dharura zipo za aina mbili, na watu huzichanganya. Kulazwa huwezi kuzuia. Kuchelewa njiani unaweza. Kwa wa Lushoto na Bumbuli, barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni ya mlimani, na masika udongo huporomoka. Basi la alfajiri siku ya mtihani wa saa 2 Tanga ni kamari. Shukeni siku moja kabla. Usafiri, chakula na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe, tangazo linasema hivyo, na "gari liliharibika" halina barua ya daktari.

Jingine ni kituo. Usaili wa mikoani hufuata anwani ya makazi iliyoko kwenye akaunti. Anayeuguza mzazi Dar es Salaam huku akaunti inasema Tanga ataitwa Tanga. Anwani ihuishwe kabla ya orodha kutoka. Ikishatoka, mtu aje alikopangiwa.

Kijana_wa_Pongwe

Na msiba je? Ukifiwa na mzazi usiku wa kuamkia mtihani?

Bi_Ngamiani

Pole ikiwa yamekufika, mwanangu. Kanuni ni ile ile, mchujo hauahirishwi kwa mtu mmoja. Lakini tazama saa. Huku kwetu maiti ya Kiislamu huzikwa siku ile ile, mara nyingi baada ya adhuhuri au alasiri. Mtihani wa saa 2 asubuhi mjini na maziko ya saa 10 Pongwe yanaweza kupatana, wazee wakiambiwa mapema kabla hawajatangaza muda. Kama maziko ni Kilindi, hayapatani, chagua moja usitazame nyuma. Wala asikulaumu mtu kwa kuchagua maziko.

Kwa hatua ya mahojiano, au kwa mwajiri binafsi, ushahidi ni tangazo la kifo la hospitali au kibali cha mazishi. Aliyefia nyumbani, barua ya Mtendaji wa Mtaa au wa Kijiji inayotaja uhusiano wako na marehemu. Usisubiri cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, hicho huja baadaye. Ajali, pata PF3, fomu ya polisi.

Jihadhari na anayepiga simu akisema ana mtu Dodoma, umtumie laki moja jina lihamishiwe siku nyingine. Siku hiyo haipo, anauza hewa. TAKUKURU namba yao ni 113, kupiga ni bure. Na barua ya daktari ya kununua mtaani ni kosa la kughushi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Umeacha kutafuta kazi, unatafuta kesi.

Karani_wa_Kange

Kwa benki na kampuni binafsi mlango uko wazi zaidi, kwani wao hujipangia wenyewe. Jibu kwenye barua pepe ile ile iliyokuita, usianzishe nyingine, ili anayesoma aone tarehe na nafasi bila kutafuta. Eleza sababu kwa mstari mmoja, ambatisha ushahidi, pendekeza siku mbili ndani ya wiki hiyo hiyo. Mtihani wa kufanyia nyumbani kwa kiungo, usikifungue kabla ya kuomba. Ukishakibonyeza, saa inaanza kuhesabu, na kwao wewe ni mtu aliyeanza mtihani akauacha njiani.

BintiChumbageni (Ijumaa, saa 7 mchana)

Ameruhusiwa saa 5. Barua ya daktari tunayo, hatujaituma. Kesho abebe nini?

Karani_wa_Kange

Kitambulisho halisi: cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Kama hana chochote, barua ya utambulisho ya Serikali ya Mtaa, muifuate sasa hivi, kesho Mtendaji hayupo. Vyeti halisi vya kidato cha nne, cha sita na chuo, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Hati za matokeo hazikubaliki badala ya vyeti. Majina yakitofautiana kwenye vyeti, na hati ya kisheria ya kubadili jina. Namba ya usaili iwe imeandikwa kwenye karatasi, simu itaachwa nje. Usiku aingie tena kwenye akaunti na tovuti, maana zipo nyakati tarehe ya kada nzima husogezwa kwa tangazo.

Muuguzi_Makorora

Kanula, yaani mrija wa sindano ulio mkononi, itolewe kabla hamjatoka wodini. Dozi ya kesho asubuhi ameze saa 12 pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, chai ya maziwa na chapati inatosha, mseto hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Akitapika ndani ya nusu saa, anarudia dozi ile ile, kwa hiyo msiondoke nyumbani kabla ya saa 12:30. Na aende na mtu wa kumsubiri nje.