Tupeane uzoefu: grauti ya vigae katika nyumba mpya, mliisafisha na kuiziba vipi?

Mwanzisha mada, Bamburi

Assalaam alaikum, na salamu kwa wote. Tumehamia nyumba yetu mwezi uliopita, wiki tatu baada ya kazi ya vigae kukamilika, na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria wakati wa kujenga ndilo linaloninyima raha sasa. Sebuleni vigae vimevaa utando mweupe ambao mke wangu huupiga deki asubuhi, ukatoweka sakafu ikiwa majimaji, kisha ukarudi pale pale inapokauka. Jikoni, mbele ya jiko, mistari ya kijivu ya grauti, yaani ile simiti inayojazwa kati ya vigae, imeanza kunywa mafuta ya viazi karai. Fundi ananiambia ninunue dawa ya kuziba grauti ili isinywe madoa, na jirani ananiambia nioshe kwanza kwa asidi. Kabla sijamsikiliza yeyote kati yao, naomba waliokwisha kupitia haya watueleze walifanya nini, na hasa walikosea wapi.

Mchangiaji, Likoni

Kuhusu asidi, ndugu yangu, nakusihi uiache. Tulipokabidhiwa nyumba yetu, vijana waliokuja kuosha walitumia ile asidi kali ya kutolea simiti iliyogandia, na kweli utando ulitoka mara moja na sakafu ikameta siku hiyohiyo. Utando huo ni simiti, nao ulitoka kwa sababu asidi hula simiti. Walichosahau ni kwamba grauti nayo ni simiti. Haukupita mwezi kabla sijaanza kuzoa bafuni, kila ninapofagia, chembechembe za kijivu zilizotoka kwenye mistari yenyewe, na ukipitisha ukucha ulikuwa unazama. Kifuniko cha chuma cha shimo la maji kiliota madoa ya kahawia, na kizingiti cha marumaru kilipoteza mng'ao ambao haujarudi hadi leo. Tena mmoja wao, kwa kutaka kuondoa harufu, alimwaga Jik mahali palipokuwa na asidi. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, na sote tulikimbilia nje tukikohoa na macho yakituwasha. Mistari ya bafuni ilibidi ikwanguliwe hadi kama theluthi mbili ya kina chake ndipo ijazwe upya, kwa sababu grauti mpya ikipakwa juu juu ya ile mbovu hubanduka.

Mchangiaji, Kisauni

Kaka, hebu hakikisha kwanza kwamba huo weupe ni utando na si chumvi. Wangu ulikuwa chumvi, nami nilipoteza miezi kadhaa nikiutibu kama uchafu. Nilichagua grauti ya kijivu iliyokoza, na wakati wa kazi maji ya bomba yalikuwa yamekatika, basi fundi akachangia kwa maji ya kisima cha uani, ambayo sote tunajua ladha yake. Mistari ilipokauka ilifanya kama unga, na kila nilipoimwagia maji nikisugua, unga uliongezeka, kwa kuwa maji hushuka yakaiyeyusha chumvi iliyomo ndani, kisha yanapopanda kukauka huileta juu na kuiacha hapo. Tofauti niliyoiona kwa jicho ni kwamba chumvi hukaa kwenye mstari wenyewe na kuambaa kingo zake, ilhali utando wa grauti hutanda juu ya uso wa kigae.

Kilichonisaidia kilikuwa kusugua kukavu kwa brashi ya nailoni, kuufagia ule unga, kisha kupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana katika maji matamu, yale tunayoyanunua kwa mitungi ya mkokoteni. Nilirudia hivyo mpaka ukakoma kutoka. Sikupaka dawa ya kuziba kabla ya hapo, maana ingeifungia chumvi ndani.

Mchangiaji, Tudor

Mimi nina miaka saba katika nyumba yangu na sijapaka dawa yoyote. Tunafungua dirisha la bafu na kusukuma maji kwa mpira kila mtu anapomaliza kuoga, na mistari ni myeupe. Watu wasidanganywe kwamba dawa hiyo huzuia uvujaji: inapunguza kunywa madoa, lakini kama sakafu ya bafu la juu haikuwekewa tabaka la kuzuia maji chini ya vigae, dari ya chini italowa vilevile.

Fundi wa vigae, Changamwe

Ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu uvujaji, ila jikoni kuna mafuta, manjano na ukwaju, na huko mpira wa kusukumia maji hautakusaidia.

Utando aliouzungumzia mwanzisha mada ni kosa la siku ya kwanza, nami nakiri kwamba mara nyingi ni letu sisi mafundi. Grauti ikishajazwa huachwa ishike kidogo, takriban dakika 15 hadi 30, kisha hupanguswa kwa sponji iliyokamuliwa, kwa mkato wa mshazari ili sponji isizame katika mistari na kuichimba. Ndoo zinapaswa kuwa mbili na maji yabadilishwe mara kwa mara, kwani ukipangusa vyumba viwili kwa ndoo moja, unachopaka ni maji ya simiti. Kosa jingine ni kuongeza maji katika grauti iliyoanza kukaza ndani ya ndoo ili isitupwe. Hapo ndipo mstari mmoja huonekana kijivu na wa pili karibu mweupe, na tajiri akidhani ameuziwa mifuko tofauti.

Kwa wiki tatu au nne ulizokaa, utando mwepesi bado unaweza kutoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na sponji ya nailoni, ukisugua kigae na si mstari, kisha ukaukaushe papo hapo kwa kitambaa kikavu. Ukigoma, kuna dawa maalumu za kutoa grauti zenye asidi isiyo kali: lowesha sakafu kwanza kwa maji matupu, ijaribu dawa pembeni, suuza sana, na usiiguse marumaru hata kidogo. Brashi ya waya haina kazi hapa. Pale ukuta unapokutana na sakafu, kama mstari umepasuka, usijaze grauti tena. Weka silikoni, kwa sababu pembe hizo husogea.

Mchangiaji, Mikindani

Mimi nilikosea katika kuziba kwenyewe. Nilipaka siku ya nne, katikati ya masika, nikiwa na haraka ya kupokea wageni. Mkebe uliandika saa zilizopaswa kupita, nami nilizihesabu sawasawa, lakini uliandika pia kwamba mstari lazima uwe mkavu, na bafu lisilo na upepo mwezi wa Mei halikauki kwa saa hizo. Mistari ilitoka na mabaka. Isitoshe, niliiacha dawa iliyomwagikia juu ya vigae, nikidhani itanywewa, kumbe kigae cha posileni hakinywi. Ilikauka ikawa kama gundi, na nyayo za watoto zikachapwa humo. Mara ya pili nilingoja kiangazi, nikapaka kwa brashi ndogo mstari kwa mstari, nikapangusa iliyozidi ndani ya dakika chache zilizotajwa.

Kujua kama mstari unahitaji dawa, dondosha maji juu yake na uangalie kama yanakaa au yananywewa; yakinywewa, unahitaji.

Mwanzisha mada, Bamburi

Nawashukuru sana. Nimedondosha maji kwa kijiko mahali pawili usiku huu. Chini ya dirisha la sebule tone lilikaa kwa muda kabla ya kufifia, lakini mbele ya jiko lilitoweka kabla sijanyanyuka, likaacha alama nyeusi. Weupe wa sebuleni nimeutazama kwa tochi: uko juu ya vigae, mistari ni misafi, kwa hiyo si chumvi. Kesho tutaanza na maji ya uvuguvugu na ndoo mbili, na mke wangu ameshahamisha karai ya viazi hadi uani mpaka jikoni pakauke.